Nilivyomnunulia kaka darubini ya bunduki Guangzhou, na neno la Kichina nililodhani nimelielewa

Wakuu, heshima kwenu wote. Hii sijawahi kuisimulia nyumbani, hata mke wangu anajua nusu tu. Sina sababu ya kuwapiga fix, maana humu hakuna sehemu ninayoonekana mjanja.

Miaka ile ya 2000s Guangzhou ilikuwa ya moto. Nilikuwa nafuata nguo soko la Shisanhang, nafungasha, mzigo unapelekwa bandarini Huangpu, mimi narudi Songea kuusubiri.

Safari moja kaka yangu Fidelis akanipa picha ya bunduki yake.

Kaka ni mwindaji wa halali, leseni anayo na vibali anakata kila msimu. Bunduki yenyewe ni rifle ya risasi moja moja, mtutu mfupi. Kwa msitu wa kwetu ndiyo yenyewe, hainasi kwenye matawi unapomnyatia funo. Funo ni yule paa mwekundu mdogo, kwa ninyi wa mjini. Ila ukikosa imekula kwako, hakuna risasi ya pili.

Na macho ya kaka yalishaanza kuchoka. Akaniambia, "Mdogo wangu, niletee darubini ya kufunga juu yake. Bila hiyo msimu huu siendi."

Kaka asipowinda anakuwa mtu mwingine kabisa, mnyonge hadi unamwonea huruma. Nikaahidi.

Kichina changu kilikuwa cha sokoni: bei gani, ghali sana, hakuna. Basi.

Nikaingia kwenye kaduka ka tochi na darubini, uchochoroni nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Kwenye kabati la kioo zilikuwepo mbili, moja nyeusi nzito, nyingine nyepesi inang'aa. Nikamwonyesha laoban, yaani bosi wa duka, ile picha. Nikanyoosha kidole kimoja: "One shot! One!"

Akaigusa ile nyepesi, akatabasamu. "Wan de, wan de!"

Wakuu, nilifurahi kama mjinga. Nikajua mzee ameelewa ni bunduki ya risasi moja. Nikamjibu, "Yes, one!" Akarudia, "Wan!" Tukacheka wote, akanifungia.

Niseme ukweli, ingekuwa jeans ningevuta mshono na kukagua zipu. Hii nilikagua boksi tu.

Kaka aliifunga mwenyewe. Jumamosi asubuhi akaenda kuipima, shabaha akaichora kwenye kisiki. Ile bunduki fupi ina teke kali, na kile kidarubini kilitaka jicho liwe karibu kabisa ndipo uone kitu.

Risasi ya kwanza tu kikachomoka, kioo kikavunjikia jichoni. La kulia. Hospitali walifanya walichoweza, jicho halikurudi.

Safari iliyofuata nilikuwa nakula mtaa wa Xiaobei na Mwanaidi, dada wa Tanga aliyekuwa anasoma huko kwa scholarship. Nikamsimulia yote. Akaweka kijiko chini.

"Kaka, wan siyo one. Wan ni kucheza. Alikuwa anakwambia hiyo ni ya bunduki za kuchezea."

Yule mzee hakunidanganya. Aliniambia ukweli mara tatu na mimi nikaitikia.

Kaka hajui hadi leo. Anaamini alikosea kufunga. Mgeni akiuliza kuhusu jicho, anasema, "Uzembe wangu huu, mdogo wangu aliniletea kitu kizuri." Mimi nipo hapo hapo, nakunywa chai. Naumia sana, wakuu.

Nilichojifunza: ugenini, neno likikujia kirahisi sana, uliza tena. Na kosa lako liseme mapema, maana miaka ikipita unajikuta na makosa mawili.

Mwezi ujao naenda Songea. Nimwambie, nimtue lawama isiyo yake? Au ni mimi tu natafuta kupumua, na yeye nitamwumiza upya?

Mliowahi kupita hapa nisaidieni. Hata wa kunitukana, karibuni, nitasoma yote.