Ufunguo Kwenye Mkoba wa Shule

Nilipokuwa mfanyakazi wa ndani huko Jidda, mtaa wa Rawdah, kila adhuhuri nilipanda gari na dereva kwenda kumchukua binti wa madam shuleni. Ilikuwa sekondari ya serikali ya wasichana, kongwe, hata madam mwenyewe alisomea hapo. Ukuta wake ulikuwa mrefu kama wa jela. Mlinzi aliita majina kwenye kipaza sauti, na msichana asiyeitwa hakutoka.

Siku moja njiani binti akaniuliza kama nami niliwahi kusoma. Swali lilinikera. Nikamjibu kwa Kiarabu changu cha jikoni kwamba nilimaliza sekondari, tena shule ya kutwa nje kidogo ya Nakuru, ambayo wazazi wetu waliijenga kwa harambee, darasa moja moja. Kemia nilikuwa naongoza. Nilikuwa kepteni wa netiboli, na kwenye mdahalo hakuna aliyeninyamazisha. Lango letu halikumzuia mtu, kwa sababu ua wa michongoma ulikuwa na tundu ambalo sote tulilijua.

Binti alinisikiliza mdomo wazi. Akasema wao hawana uwanja wala mchezo wowote, ni vitabu tu mpaka jina liitwe. Nikamwonea huruma, mtoto wa watu kufungiwa hivyo.

Huruma hiyo ilidumu mpaka nyumbani. Tulipoingia, alitoa ufunguo kwenye mkoba wa shule, akafunga mlango nyuma yangu kama mama yake alivyomwagiza, kisha akaurudisha mkobani, kati ya vitabu.