Siku Pumzi Alipoishiwa Pumzi

Mpiga tarumbeta wa bendi ya harusi aliitwa Pumzi, kwa sababu akianza kupuliza, mpiga ngoma aliweza kufuta jasho, kunywa maji na kurudi akamkuta bado yuko kwenye pumzi ileile. Alikuwa mcheshi, mpenda watu, na chumvi aliinyunyiza kabla hata ya kuonja. Sigara nazo alizivuta "kufungua koo".

Jumamosi moja walikuwa wakimsindikiza bwana harusi kupanda kilima. Katikati ya njia, tarumbeta ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa, kisha kimya. Pumzi akaketi kando ya barabara, macho yamemtoka pima, anahema. Watu wakaangua kicheko wakidhani ni vituko vyake. Shangazi wa bwana harusi, ambaye ni muuguzi, hakucheka. Alimpeleka kituo cha afya saa ileile, akampima mwenyewe.

"Kaka, presha iko juu."

"Si kile kilima?"

"Kilima kiko kule. Hapa umekaa kitini."

Daktari naye alimpima, akamwambia moyo bado mzima, ila akiendelea hivyo atautafutia balaa. Sigara basi, chumvi na mafuta apunguze, na atembee kila siku.

Nyumbani mkewe hakungoja kuambiwa mara mbili. Chumvi ikapunguzwa, ndimu na kitunguu saumu vikashika zamu.

"Mama watoto, hiki ni chakula au adhabu?"

"Nataka mume wa kuzeeka naye. Kula."

Pumzi akajifanya anakwenda kusalimia jirani, wakati wa chakula hasa. Kumbe mkewe alishatangulia kupita nyumba zote. Akakaribishwa mboga za kuchemsha.

"Lo! Kumbe nimeoa mtaa mzima!"

Sigara ndiyo iliyomtoa jasho. Aliiacha, akairudia kwa kujificha nyuma ya choo, akanaswa kwa harufu, akaiacha tena akitafuna karoti kama sungura. Kutembea bila safari kulimtia haya, kwa hiyo mwanzoni alibeba kikapu kitupu, aonekane katumwa dukani.

Alipopimwa tena, presha ilikuwa imeshuka. Muuguzi akampa mkono: "Usilegeze kamba."

Atalegezaje? Siku hizi mkewe humfuata matembezini. Humfuata ni neno tu. Mama huyo hutangulia mbio mbio, na sauti ya Pumzi husikika nyuma:

"Mke wangu, kwani tunakimbizwa na nani?"