Chupa Isiyo na Ukingo

Mume wangu ni fundi cherehani, na ubishi wake hauna dawa. Siku ile niliingia naye dukani nikiwa nimenuna, yeye kakumbatia kwa mkono mmoja chupa ya kioo iliyojaa maji, aliyoiviringisha kwa taulo.

Anapika bia ya tangawizi jikoni kwetu, na simnyimi haki yake, anaijua. Tatizo hatupi chupa. Yoyote ambayo mdomo wake unakubali kizibo cha bati, anaisuuza na kuipanga. Mwezi uliopita alikuwa anafunga moja kwa kile kibanio chake cha vizibo, cha mabawa mawili, ambacho sharti kidake ukingo wa shingo, ule mviringo uliotokeza chini ya mdomo, ndipo kibane. Chupa hiyo haikuwa na ukingo. Kikabana kioo kitupu, shingo ikakatikia kiganjani. Daktari alimshona, akamweleza waziwazi kwamba mshipa wa mkono wa kulia umeponea chupuchupu, na ukiguswa tena asahau kushika sindano. Na sisi tunakula kwa sindano hiyo.

"Basi acha kupika," nilimwambia.

"Nitanunua kibanio imara." Ndivyo alivyo.

Muuzaji akatuwekea viwili kwenye kaunta. Cha kwanza cha mabawa, chekundu, kinang'aa. Cha pili kizito, kina kitako kipana na mkono mmoja mrefu wa chuma unaokandamiza kutoka juu.

"Mzee, chukua hiki chekundu. Chepesi, hata mama atakiweza."

"Mama anaweza mengi," nikamjibu. Akajitia kupanga vizibo.

Mume wangu akaifungua taulo. Nikaijua ile chupa mara moja. Pacha wa ile iliyomkata, shingo laini, haina ukingo hata wa dawa. Damu ikanichemka.

"Umeleta hiyo? Wewe una kichwa kigumu."

"Nisipoijaribu hapa, nitaijaribu nyumbani."

Nilijua ni kweli. Akamwomba muuzaji aifunge kwa kile chekundu. Muuzaji akaipapasa shingo, akarudi nyuma. "Hii hapana, mzee. Nina watoto." Bidhaa yake mwenyewe, kaikimbia.

Kikabaki kizito. Mume wangu akakirekebisha kwa skrubu yake kulingana na kimo cha chupa, akakitikisa, hakikuyumba. Akaizungushia chupa taulo, akaweka kizibo juu.

"Niache nifanye mimi," nikasema.

"Kaa pembeni."

Akaanza kuushusha mkono wa chuma taratibu. Chuma kikalia, nami nikafumba macho, mtu mzima na akili zangu. Nilikuwa nasubiri kusikia kioo.

Kikasikika kishindo kidogo tu. Nilipofumbua, kizibo kimekaa sawasawa. Akaipindua chupa juu chini, halikutoka hata tone.

"Kumbe mzee unatumia shoto," muuzaji akasema.

Hatumii shoto. Hapo ndipo nilipoona kile ambacho hasira zilinizuia kukiona. Taulo, skrubu, chuma, vyote alivishika kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni tangu tulipoingia, na bado hakuutoa.

Akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini, "Naogopa, mama watoto."

Miaka ishirini na sita ya ndoa, neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nikamwambia muuzaji tunachukua hicho kizito, na nikakibeba mimi mpaka nyumbani.