Fundi Arlette na madirisha thelathini na sita ya Salamabila

Saa moja asubuhi, Arlette Musafiri anaizunguka nyumba moja ya wageni hapa Kasongo bila kugusa maji. Anatazama jua linakopiga, kisha anabeba ngazi, ndoo mbili na fimbo yake fupi yenye mpira, anaelekea upande wa magharibi.

"Upande ule wa mashariki jua limeshafika. Maji yatakauka kabla sijayavuta, kioo kibaki na alama," anasema. "Ule ni wa mchana."

Sponji inapita na povu kidogo tu. Kisha mpira unashuka kutoka juu, mkono haukatizi, na vumbi jekundu la barabara ya Kabambare linateremka nao. Anaufuta kwa kitambaa kikavu, anavuta tena. Dirisha moja, dakika tatu.

Zamani lilimchukua nusu saa.

Arlette, mwenye umri wa miaka 38, alizaliwa katika familia ya wakulima Lusangi, akaolewa Kasongo na seremala Radjabu. Alianza kazi hii miaka sita iliyopita, kwa matambara na sabuni nyingi. Asubuhi moja mteja alimwita uani amwonyeshe madirisha yanavyoonekana juani. Yote yalikuwa na michirizi na nyuzi za matambara.

"Aliniambia, 'Mama, afadhali vumbi.' Nilirudi nyumbani. Siku mbili nzima nilikuwa nimesugua, mabega yalikuwa yanawaka moto."

Wiki hiyo ilinyesha mvua kubwa, na lori likakwama kwenye matope karibu na kwao. Arlette, aliyejibanza chini ya paa la jirani, alikaza macho kwenye kioo cha mbele. Mpira wa kufutia mvua ulikuwa ukipita mara moja tu, kioo kinabaki safi.

"Haukusugua," anasema. "Ulipita."

Mvua ilipokatika alimfuata dereva, Zéphirin, akamwomba mpira uliochakaa.

"Mama, hii imekufa," dereva alicheka.

"Imekufa kwako, papa. Kwangu itafufuka."

Radjabu alichonga mpini. Wa kwanza ulipinda, wa pili nao ukapinda. Wa tatu ulinyooka. Arlette akapunguza sabuni hadi matone machache, maana aligundua kuwa povu jingi ndilo lililokuwa likimharibia kazi.

Mwaka jana aliitwa kufanya kazi katika mji wa Salamabila. Mama Cécilia, muuza vitambaa, alikuwa amejenga ghorofa yenye madirisha 36, na vioo vimetapakaa rangi na saruji. Wanaume wanne walikuwa wamehangaika siku tatu, wakakwaruza vioo viwili kwa mchanga. Sherehe ya ufunguzi ilikuwa kesho yake. Arlette alishuka kwenye pikipiki pamoja na mwenzake Mado, vumbi hadi kwenye kope.

"Wanaume wanne wameshindwa," Mama Cécilia alimwambia. "Ninyi wawili mutaweza nini?"

"Utupe maji safi, mama, halafu utuache."

Walibandika vitambaa vya maji kwenye madoa ya upande mzima. Walipomaliza kubandika dirisha la mwisho, saruji ya la kwanza ilikuwa imeshalainika. Arlette aliikwangua kwa wembe alioulaza, kioo kikiwa bado na maji. Mado akaosha, Arlette akavuta. Hakuna aliyemngoja mwenzake. Jua halijazama, dirisha la 36 lilikuwa limekauka.

Mama Cécilia alisimama mbele ya dirisha kubwa la duka, akanyoosha kidole polepole mpaka kikagonga.

"Kumbe kioo iko," akasema. "Nilizani mumekitoa."

Arlette anapofika hapo katika masimulizi yake, huinua kidevu na kumtazama msikilizaji, ili apate nafasi ya kustaajabu.

Leo ana wateja saba wa kudumu, kila dirisha faranga 1,500. Anapanga kumkabidhi Mado wateja wa Salamabila, kisha afundishe wanawake wengine wawili hapa Kasongo. "Sitawafundisha nguvu," anasema. "Nguvu wako nayo, wanalima. Nitawafundisha kutazama."

Ana jambo jingine analolisubiri kwa hamu. Mwezi wa tisa atamwandikisha shule binti yake wa mwisho, Chancelle. Kwenye fomu kuna mstari wa kazi ya mama. Alipoandikisha watoto wake wawili wakubwa, karani alijaza "hana", naye hakubisha.

"Safari hii sitangoja mutu aniandikie," anasema. "Nitaomba kalamu, niandike kwa mukono wangu: fundi wa vioo."