Ukuta wa Mafundi Wawili

Fundi cherehani wa chumba namba saba hashoni moja kwa moja. Kila baada ya mishono kadhaa huinua mguu kwenye pedali na kutega sikio ukutani. Akishasikia cherehani ya pili ikilia upande wa pili, huendelea. Katika soko la zamani, lililokuwa paa tupu lisilo na kuta, yeye na shoga yake walishona wakitazamana kwa miaka kumi na mmoja, umbea ukienda sambamba na sindano. Soko jipya limempa kila mmoja chumba chake, taa nzuri na ukuta wa matofali katikati. Milango yao imepeana mgongo, hivyo kumfikia shoga ni kulizunguka jengo zima. Wateja wanalisifu soko. Naye hulisifu, ila kwa sauti ya chini.

Jana alikuwa akimalizia pindo la gauni, macho kwenye kitambaa, akanyoosha mkono mbele.

"Shoga, nipe mkasi."

Mkono ukabaki hewani. Mteja aliyesubiri mlangoni akauliza, "Unaongea na nani, dada?"

Mkasi wake mwenyewe ulikuwa pale pale, karibu na kiwiko. Akauacha. "Nisubiri, nakuja," alisema, akalizunguka jengo.

"Nimekuja kuazima mkasi," akamwambia shoga yake.

Shoga akaushika mkasi, lakini hakuutoa. "Kaa kwanza."

Chumba kile kilipimwa kitoshe kiti kimoja tu. Shoga akainuka kwenye kiti chake, wakasimama wote wawili.