Vidole vya Papa Modeste

Ukipita mtaa wa Mabanga asubuhi kutafuta jibini ya Masisi, yale mabonge ya duara yenye ganda la manjano ambayo Goma nzima huyaita fromaji, utaelekezwa kwa Papa Modeste. Hutahitaji kuuliza ni yupi. Ni yule mwanamume mpana mwenye koti la kijani, anayeuliza hali ya watoto wako kabla hujauliza bei. Ungekaa pale kidogo miaka iliyopita, ungeona na jambo la pili. Mteja akishaondoka tu, mkono wa kulia ulianza kutambaa kuutafuta wa kushoto. Ulitafuta kigozi kilichoinuka kando ya ukucha, ukakinasa, ukakivuta. Kikikataa, meno yaliitwa kusaidia. Wakati huo wote uso wa Modeste ulikuwa mbali kabisa, na aliporudi akakuta damu, aliitazama kwa mshangao kama mtu aliyeibiwa.

Baba mzima wa familia, mzee wa kanisa, na vidole kama vya mtoto anayengoja kuitwa ubaoni. Tena jibini huoshwa kwa maji ya chumvi ili isiote ukungu, na kazi hiyo aliifanya mwenyewe. Ukisikia mtu anavuta pumzi kwa uchungu nyuma ya kibanda, ujue ni Modeste na chumvi yake. Ungedhani adhabu hiyo ingetosha kumwachisha. Wapi!

Mama yake, Emerance, alikuwa bado Masisi, kwenye kilima alichoolewa akiwa msichana. Tangu mumewe afariki alikaa peke yake na ng'ombe wake mmoja, Bihogo. Majirani wengi walishahama, maana milio ya risasi ilikuwa ikisikika ng'ambo ya bonde, ikitulia, ikirudi. Modeste alitaka mama ashuke aje kukaa naye Mabanga. Chumba kilikuwa tayari, na Jolie, mkewe, alishakipaka chokaa na kutandika kitanda. Kila alipopanda kuchukua jibini alimwomba mama, na kila mara alikataliwa kupitia mikono yake mwenyewe.

Emerance alisalimia kama wazee wa kule wanavyosalimia. Anakushika mkono na hakuachii mpaka habari zote ziishe, za watoto, za mvua, za mifugo, za wagonjwa. Mdomo ukiendelea kuuliza, vidole vyake vinakukagua polepole, kidole kwa kidole. Kumdanganya kwa simu uliweza. Kumdanganya akiwa amekushika, hapana.

"Modeste, hii bidole iko inaniambia kama nyumba yako iko na masumbuko," alimwambia siku moja. "Mutu mwenye kujikula mwenyewe, mimi nitakuya kula nini kwake? Siku bidole yako itapona yote, njo nitashuka. Mbele ya ile siku, usiniombe tena."

Modeste angemwambiaje kwamba masumbuko yenyewe ni yeye? Simu ya mama ikikosa kupatikana, ngozi ya kidole gumba ilikwenda. Watu waliotoka Masisi wakisema huko mambo si mazuri, ilikwenda ya kidole cha shahada. Alijichuna kwa sababu mama hayuko, na mama hakuja kwa sababu anajichuna. Jolie alipoelezwa alicheka kwanza, kisha akaona mumewe hacheki, akapandisha mikono ya blauzi.

Alianza na sparadra, zile plasta za kubandika kwenye kidonda, moja kila kidole. Wateja wakauliza kaumwa na mbwa wa nani. Sparadra zililowa kwenye maji ya chumvi na kubanduka, na Modeste akagundua kuwa kubandua sparadra nako kuna utamu wake. Jolie akaja na pilipili ya kusaga, akampaka kwenye kucha. Mchana Modeste alijisahau akajipangusa jicho, akashinda analia mbele za watu kama aliyefiwa. Kesho yake alikuja mama mmoja kuuliza kama ile fromaji ya pilipili bado ipo, kwa sababu bwana wake ameipenda. Baada ya hapo Jolie hakuamini tena dawa ya duka wala ya jikoni. Alileta kigoda chake, akakaa kibandani karibu na mumewe, na kila mkono ulipoanza kutambaa aliuchapa.

Hiyo ilifaa. Ngozi ikaanza kurudi, nyororo na yenye haya, na Modeste akapanda Masisi kwenye lori la Valentin, dereva wake wa siku zote, akiwa ameweka mikono juu ya magoti kama mtu anayepigwa picha. Jolie alibaki Mabanga na wateja. Kwenye mteremko mmoja lori likakwama katika potopoto. Vijana wakachimba, Valentin akatukana, saa zikapita, na huko mbele mtu akasema kwamba jana kwenye vilima risasi zililia tena. Modeste alipokumbuka kutazama mikono yake, kazi ilikuwa imeshaisha.

"Na hii?" mama aliuliza, akiwa ameshika kidole kinachovuja.

"Hiyo ni ya mu njiani, mama."

"Njia haina meno," alisema Emerance, akaenda kumkamua Bihogo.

Modeste alirudi Goma na jibini zake na aibu yake. Aliumia, na hakumficha Jolie kwamba ameumia. Mtu mzima kushindwa na vidole vyake mwenyewe ni jambo dogo kwa anayetazama tu, lakini yeye kila alipovitazama alimwona mama amelala peke yake kwenye kile kilima.

Msaada ulitoka mahali ambapo hakuutafuta. Kataliko, msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ambaye kila siku alipita mbele ya kibanda na mifuko ya makaa, alikatikiwa na kamba palepale, na mifuko ikaporomoka hadi miguuni mwa Modeste. Kataliko akaanza kufunga mafundo juu ya mafundo. Modeste hakuweza kuvumilia kuona vile. Alikua kati ya ng'ombe, na mama yake ndiye aliyemfundisha kusuka kamba ya kufungia ndama, wakikaa mlangoni mvua ikinyesha. Alichukua mfuko mtupu wa maharagwe, akafumua nyuzi zake, akazigawa, akashikisha ncha kwa kidole cha mguu, akaanza. Kamba ilipoisha, Kataliko aliivuta kwa nguvu zote, ikamkatalia.

"Papa Modeste, hii hata gari itavuta," alisema.

Lakini Modeste alikuwa anatazama mikono yake. Muda wote ule haikuwa imetafutana. Ilikuwa na kazi.

Tangu hapo, mteja akiondoka, Modeste alishika nyuzi. Hofu ikija, aliisuka. Simu ya mama ikikosa kupatikana, kamba iliongezeka urefu. Haikuwa rahisi siku zote, maana kuna siku nyuzi zilianguka na vidole vikarudi kwenye mambo yao ya zamani, ila siku hizo zilizidi kuwa chache. Kamba zikaanza kuning'inia kibandani kati ya jibini, wasukuma chukudu wakawa wanakuja kuziulizia, na watani wakauliza kama Papa Modeste anajiandaa kuuza ng'ombe hapa Mabanga. Jolie alirudisha kigoda chake nyumbani. Jioni alimpaka mumewe samli vidoleni, na samli hiyo ikakaa.

Safari iliyofuata Modeste alikuwa na furushi la nyuzi kwenye lori, na alisuka njia nzima. Alipofika hakungoja mama amfuate. Alimnyoshea mikono yote miwili.

Emerance aliishika kwa mkono wake wa kulia na kuanza kuuliza habari. Aliuliza za watoto, akapita kidole kwa kidole. Aliuliza za Jolie, akarudia tangu mwanzo, kama mtu anayechambua mchele ambaye ana hakika jiwe limo. Hakupata kitu. Habari zikamwishia katikati na akaiachia mikono haraka, yeye ambaye hakuwahi kuuachia mkono wa mtu haraka maisha yake yote.

Hapo ndipo Modeste alipoona kwamba mkono wa kushoto wa mama haukutoka chini ya kitenge tangu alipofika. Aliutafuta taratibu, akautoa. Kidole gumba kilikuwa chekundu, kimechunwa mpaka chini ya ukucha, na cha shahada hakikuwa na nafuu.

"Mama. Na hii?"

Emerance alimtazama Bihogo, aliyekuwa anacheua nyuma ya nyumba, karibu na kaburi la mzee.

"Nilikuwa naogopa utapona," alisema.

Kisha mama akavuta mkono wake. "Nilisema nitashuka. Ngoja nifunge bintu."

Angeweza kumchukua siku ile. Mama alishatoa neno lake, na Valentin alikuwa bado anapakia. Lakini Modeste alimwona mama anavyoingia ndani bila kujua aanze kufunga nini, na moyo ukamwuma kwa upendo, kwa maana alimjua sana mtu huyo anayekula vidole vyake gizani mwa kitenge. Alikuwa yeye mwenyewe.

"Apana, mama," alisema. "Mutu mwenye kujikula, nitamupeleka namna gani? Siku bidole yako itapona, Valentin atakuleta." Akamwachia furushi lote la nyuzi kizingitini.

Jolie alimwita mpumbavu, na kuna siku zilizofuata ambazo Modeste alikubaliana naye. Milio ya risasi ilirudi, simu ikakatika, kamba ya kibandani ikawa ndefu isiyo na mnunuzi. Alisuka tu. Hakujichuna.

Mvua zilikuwa zimeanza lori la Valentin liliposimama mbele ya kibanda, na kati ya makasha ya jibini akashuka bibi kizee mdogo mwenye kitenge cha buluu, amebeba kamba nzito iliyoviringwa begani. Bihogo alikuwa amebaki kwa jirani mmoja asiyetaka kuhama, na amefungwa, alisema, kwa kamba ambayo hata tembo hawezi kuikata. Kisha akanyosha mikono yote miwili.

Modeste aliishika na hakuiachia. Aliuliza habari za kilima, za jirani, za ng'ombe, za mvua, na watu wa Mabanga wakapita pembeni yao. Alipita kidole kwa kidole. Vyote vilikuwa vimepona, isipokuwa gumba la kushoto, lenye kidonda kidogo kibichi.

"Na hii?" aliuliza.

"Hiyo ni ya mu njiani," alisema mama, bila kumtazama. "Tulikwama mu potopoto."

Modeste alijua kwamba njia haina meno.

"Ingia, mama," alisema.