Pweza wa Mikono Mitano

Wivu ninao, sikatai, na ndio ulionivua nguo mbele ya walimu wenzangu hapa Kilwa Masoko. Mimi na mume wangu, Shaibu, tunafundisha shule moja. Juzi tulikuwa tunamuaga mwenzetu aliyehamishwa, tukacheza mchezo wa siri: kila mtu aandike siri yake bila jina, karatasi ziingie kikapuni, Mwalimu Zuhura azisome.

Akasoma moja huku anacheka: "Kila Ijumaa nampelekea mwanamke pweza. Mke wangu hajui."

Damu ikanichemka. Shaibu huleta pweza kila Ijumaa, na pweza anayefika jikoni kwangu siku zote ana mikono mitano. Mimi nimezaliwa pwani, najua pweza ana minane. Halafu huyo Zuhura, kicheko kile, manukato yale, na pweza wenyewe sifa zao kwa wanandoa mnazijua.

Nikasimama. "Zuhura, mikono yangu mitatu unaila wewe?"

Mwalimu mkuu, mzee wa watu, akakohoa. "Karatasi ni yangu, mwanangu. Nampelekea mama. Yeye na mke wangu hawapikiki chungu kimoja."

Ningekaa hapo ningesalimika. Nikamgeukia Shaibu: "Na yetu mitatu huwa inakwenda wapi?"

Akainamisha kichwa. "Naila palepale sokoni kwa mkaangaji, mke wangu. Ukiipika wewe inakuwa migumu kama kandambili."